Koti la Studio

Kwa sekunde tatu tu, kinoapicha, mtambo wa kunoa picha, kilipokea picha iliyovurugika kabisa ya mtu mwenye koti jeusi, iliyopigwa na droni penye wizi, kikatoa uso wa mwanamke hadi vinyweleo vya nyusi. Watu waliojaa kwenye mahakama ya Shinyanga wakaguna. Uso ule ulikuwa wa Kabula, fundi cherehani, aliyesimama kizimbani kwa kosa la kuiba betri za umeme wa mji.

"Droni ikitikiswa na upepo, picha huharibika," alieleza Mhandisi Rehani Mwakatobe, aliyeunda mtambo huo. "Kinoapicha hulinganisha kila alama na picha za vitambulisho vya wakazi wote, kisha hurudisha sura. Watu kumi na mmoja wamefungwa kwa ushahidi wake. Hakijawahi kukosea."

Hakijawahi kukosea. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Kaka yake Kabula, Mzee Ng'wandu, mwenye studio kongwe kuliko zote mjini, alisimama akiwa na kamera ya DSLR aliyorithi kwa baba yake. Alimchukia yule mhandisi na hakuficha.

"Bwana mdogo, picha hunolewa kabla ya kupigwa. Unaweka kamera kwenye stendi, unabana pumzi, unachagua kasi inayoshinda mtikisiko. Lenzi isichokiona, hakuna mtambo wa kukirudisha. Huo wako haunoi. Unabuni."

"Thibitisha, mzee, au ukae."

"Mheshimiwa Hakimu, naomba ruhusa nipige picha moja mbaya."

Hakimu alikubali. Ng'wandu akatoa kwenye begi lake koti jeusi lililochakaa kola, akalitundika kwenye kiti kitupu. Akapunguza kasi ya kamera hadi nusu sekunde, akaiacha stendi pembeni, akatikisa mkono makusudi. Picha ikatoka weusi mtupu uliopakaa.

"Haya, inoe."

Rehani alicheka, akaiingiza picha mtamboni. Juu ya koti lisilo na mtu ukatokea uso wa mwanamume mwenye mashavu mapana. Mtambo ukatangaza kwa utulivu: "Lugoye Maziku. Uhakika, asilimia tisini na tisa."

Watu wakainuka kukitazama kile kiti kitupu.

"Koti hilo ni la studio yangu," alisema Ng'wandu. "Anayekuja kupiga picha ya kitambulisho bila koti, namwazima, kama alivyofanya baba yangu. Kabula alilivaa. Nusu ya mji imelivaa. Mwizi yeyote akivaa koti jeusi, mtambo wako unasoma koti, kisha unalichagulia mvaaji."

Rehani alifungua orodha yake. Lugoye Maziku alikuwa jina la kwanza katika wale kumi na mmoja waliofungwa.

"Mshtakiwa yuko huru," alisema Hakimu. "Na huyo Lugoye aletwe hapa kutoka gerezani leo hii."

Karani alipekua kumbukumbu zake, akasimama. "Hawezi kuletwa, Mheshimiwa. Alifia humo mwezi wa pili."

Kabula alilia kwa furaha, lakini kaka yake hakumsikia. Chuki yote aliyokuja nayo ilikuwa imemgeukia mwenyewe. Aliliondoa koti kitini akikumbuka siku aliyompiga Lugoye picha ya kitambulisho: lilimbana mabegani, naye Ng'wandu akamwambia avumilie, abane pumzi, asitikisike. Lugoye alitii. Picha yake ilitoka kali mno, tayari kwa mtambo kuichagua.