Alama Ndani ya Kasha

Watu walimwita Jicho, naye hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kukagua sarafu za kale za dhahabu na kuzipa daraja kabla hazijafika kwa wakusanyaji: hii haijaguswa tangu itoke kiwandani, hii imechakaa kidogo, hii imesuguliwa na mtu asiye na huruma. Angeona mkwaruzo mwembamba kuliko unywele akakuambia ni wa kitambaa au ni wa brashi. Zamani, mkewe alipenda kumtania kwamba macho yote hayo hayajawahi kuona soksi zake mwenyewe zilipo.

Asubuhi hiyo ilianza kama nyingine zote. Aliwasha taa ya mezani, akavuta droo kuchukua lenzi. Humo ndimo alimoweka sarafu yake mwenyewe, urithi wa mama yake, yenye kichwa cha mwanamke aliyetazama pembeni. Ilikuwa ndani ya kasha la plastiki lililochomelewa pande zote, lisilopitisha hata hewa. Kwa kawaida aliipitishia macho haraka, maana kuitazama kulimuuma.

Sarafu hiyo ndiyo iliyomtenga na mkewe. Binti yao wa pekee, waliyemwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa haishi maneno, hakupata usingizi mpaka aisugue kwa kidole gumba, palepale kwenye shavu la yule mwanamke. Homa ilipomchukua, alikuwa ameishika. Baada ya mazishi Jicho aliiokota kitandani, akaona alama ya kidole juu ya dhahabu, na mikono yake ikafanya ilichozoea. Kazini kwao alama ya kidole huondolewa mapema, isije ikaharibu uso wa sarafu. Aliichovya kwenye asetoni, dawa kali ya kuondolea mafuta, akaitoa inang'aa, akaipeleka ikafungwe. Hakuwaza. Harufu ya ile dawa ilimfikia mkewe chumbani, akaelewa kabla hajaambiwa.

"Umemfuta mwanangu," alisema. Tangu hapo walizungumza mambo ya maji na umeme tu.

Sasa Jicho aliinama juu ya kasha. Kwenye shavu la yule mwanamke palikuwa na alama. Ndogo. Ya kidole gumba.

Alifuta kasha kwa nje. Alama haikutoka. Akamwita mwenzake wa meza ya pili, mtu wa mizaha, ambaye ndiye aliyelichomelea.

"Uliifunga chafu?" alinong'ona.

"Mimi tena? Si tuliikagua wote wawili?" Mwenzake akacheka, akaweka jicho kwenye lenzi. Kicheko kikakatika. Alirudisha lenzi mezani taratibu. "Kaka, alama hii bado mbichi," alisema, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Jicho alibaki peke yake na kasha. Upande wa ndani wa plastiki ulianza kutanda ukungu, kama kioo cha dirisha kinapopumuliwa. Ukungu ukaenea. Ukapungua. Ukaenea tena. Katikati yake yakatokea madoa. Moja. La pili. Ncha za vidole vinne, zimebanwa kwenye plastiki kutoka ndani.

Aliyemfungia Chiriku humo ni yeye, baba yake.

Alichukua koleo akalivunja kasha. Hewa iliyotoka ilikuwa ya moto, na ilinuka jasho la mtoto mwenye homa. Sarafu ilikuwa safi. Haikuwa na alama yoyote.

"Chiriku," aliita kwa sauti ndogo. "Mwanangu, nisamehe." Mtoto aliyekuwa haishi maneno hakusema hata neno moja, na Jicho alilia pale mezani bila kujali nani anamtazama.

Alikwenda nyumbani mbio. Alitaka kumwambia mkewe kila kitu, hata kama angemfukuza. Alimkuta amelala kwenye kochi, mchana kweupe, akitabasamu usingizini. Tangu mazishi hakuwahi kuliona tabasamu hilo. Shavuni mwake palikuwa na alama ndogo inayong'aa kwa mafuta.

Mkono wa Jicho ulitoa leso mfukoni wenyewe.

"Usifute," mkewe alinong'ona, macho bado yamefumbwa.

"Ni yeye?"

"Nyamaza. Ndiyo kwanza anasinzia."

Jicho akakaa sakafuni. Ngozi ya shavu la mkewe ilikuwa inabonyea. Inarudi. Inabonyea. Taratibu, na hapakuwa na mtu.

Jicho na mkewe walipatana. Mkewe sasa hucheka, humshika mkono mezani, humtania kuhusu soksi. Kila alasiri hujilaza kwenye kochi na kugeuza shavu juu. Lakini Jicho ni mtu wa kazi yake. Aliona mikunjo midogo ya shavuni ikipotea. Kisha kile kidoti alichozaliwa nacho. Kisha vinyweleo. Pale palikuwa laini kama uso wa sarafu uliosuguliwa miaka mingi, pametulia, panarudisha mwanga wa taa. Na jicho la upande ule lilikuwa limeanza kufutika.

Juzi mkewe alimletea lenzi mwenyewe, akaketi karibu na dirisha.

"Hebu nitazame vizuri, mume wangu. Nimezeeka?"

Alimtazama kwa muda mrefu, mpaka lenzi ikalowa machozi.

"Hapana," alimwambia. "Sioni kitu."