Kapita Asiyechoka

Wafanyakazi walianza kumtii Tahira hata asipokuwepo. Alikuwa msalani, nyuma ya kiwanda kidogo cha sabuni mjini Rumonge, aliposikia sauti yake mwenyewe ikifoka kule kwenye mapipa ya mawese: "Korogeni! Nani aliwaambia mupumuzike?"

Wallahi, hakuwa amefungua mdomo.

Tahira alikuwa mpishi wa sabuni, tena hodari. Akionja kwa ncha ya ulimi alijua kama magadi yamezidi. Kwa uhodari huo patroni Revokatus, mwenye kiwanda, akamfanya kapita, msimamizi wa wenzake. Ndivyo walivyo mapatroni: mtu akijua kupika, wanamtoa jikoni. Tangu hapo ni kufoka tu, asubuhi hadi magharibi, na yeye hakuumbiwa kufoka. Akachoka hadi chakula kikapoteza ladha. Sasa sauti ile ikamshikia zamu, sabuni zikaongezeka, patroni akachekelea.

Kisha ikamfuata nyumbani. Jioni moja, ameketi mlangoni kimya, aliisikia ndani ikimwamrisha bintiye Nour afue, apige deki, afue tena, na mtoto akiitikia "ndiyo mama, ndiyo mama" huku analia, na harufu ya mawese yaliyoungua ikijaa nyumba nzima ilhali moto haujawashwa, na Tahira alipotaka kupiga kelele kwamba si yeye, koo lake likatoa pumzi tupu.

Shangazi yake Batuli, mjuzi wa majini, alifukiza ubani, akatikisa kichwa.

"Hii jini haikukukamata, mwanangu," alinong'ona. "Ilikuta nyumba haina mutu, ikaingia. Rudia kazi yako, itakosa pa kukaa."

Kesho yake adhuhuri Tahira alishika mwiko mbele ya wote.

"Patroni, ukapita siutaki," alisema kwa shida, sauti haifiki mbali. "Kazi iko inafanywa na jini."

Revokatus akacheka. "Kama ni jini, basi iko inajua kazi! Iache ikae."

"Ikae kwako."

"Korogeni!" ikanguruma kutoka katikati ya mapipa. Watu wakaruka. Tahira akachovya kidole pipani, akaonja.

"Sabuni bado haijakubali, inataka kutulia," akasema, na safari hii sauti ilitoka nzima, yake. "Wekeni miiko chini. Mupumuzike."

Wakaiweka. Revokatus akafungua kinywa kuwakemea, na kikatoka kilio cha mwanamke: "Korogeni! Korogeni!" Akajiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka.

"Koroga wewe, patroni," Tahira akamwambia. "Sisi tuko tunapumuzika."