Nililipa Mara Moja

Kila siku akitoka shule, Wakili alibadilisha sare, akala, kisha akavuka barabara hadi kwenye kibanda cha ushonaji cha mama yake. Kazi yake ilikuwa kushona vifungo na kukata nyuzi zilizoning'inia kwenye nguo zilizokamilika. Jina la Wakili hakupewa na wazazi. Alibandikwa na wateja, kwa sababu mtoto huyu hakukubali jambo lolote kabla ya kulibishia kwanza.

Vifungo vikiisha, mama alimpa simu, naye alifungua Mnara wa Maneno. Ulikuwa mchezo wa kuunda maneno kwa herufi zilizotawanyika, kabla muda haujaisha. Wakili aliupenda mno, na alikuwa amebakiza ngazi chache tu afike kileleni. Tatizo lilikuwa matangazo. Kila akikaribia kumaliza neno, tangazo la godoro lilichomoza likafunika kioo kizima, huku mwanamume mmoja amelala juu yake akitabasamu. Muda nao uliendelea kukimbia huko nyuma ya godoro. Akishindwa, mchezo ulimwambia "Jaribu tena!" utadhani umemfanyia hisani.

Mchezo huohuo uliahidi kwamba ukilipia, matangazo yataondoka moja kwa moja. Mama alimruhusu alipie kwa hela yake mwenyewe aliyoipata kwa kushona vifungo. Wakili akalipa kwa simu, ujumbe wa malipo ukaingia, akaruka kwa furaha. Akafungua mchezo. Godoro likachomoza.

"Zima uwashe," alisema kaka yake, aliyekuwa anapiga pasi pembeni. Kaka huyu alijiita Injinia, na dawa yake ya kila ugonjwa wa simu ilikuwa hiyohiyo.

Wakili akazima, akawasha. Godoro bado lipo. Akaufuta mchezo na kuupakua upya. Ngazi zake zote zikapotea, akajikuta ameanza moja, na godoro likampokea hukohuko mwanzoni.

"Wameshaila hela hiyo," Injinia alisema. "Achana nao. Kampuni kubwa vile, wewe nani?"

"Mimi ni mtu aliyelipa!" Wakili alifoka. "Sikuwapa sadaka. Waondoe godoro lao au wanirudishie hela yangu!"

"Basi ukiwaandikia, usiseme umelipa mara moja. Nani atahangaika na mara moja? Sema wamekukata mara tatu. Hapo watashtuka."

Wakili alijua kwamba huo ni uongo. Lakini hasira zilikuwa zimempanda, na yule mwanamume wa godoro alikuwa bado anatabasamu. Akafungua sehemu ya malalamiko ndani ya mchezo, akaandika kwamba amekatwa mara tatu. Mwisho aliombwa aweke namba ya muamala, ile iliyokuja kwenye ujumbe wa malipo. Hapo alisita. Alikuwa na namba moja tu, na akiiweka wataulizia nyingine mbili ziko wapi. Akapaacha wazi, akatuma.

Jibu lilikuja siku iliyofuata, wakati mama anampima mteja mabega. Simu ililia mezani. Mama akadhani ni kazi mpya, akausoma ujumbe kwa sauti.

"Ndugu mteja, hatuoni makato matatu uliyoyalalamikia. Tumefunga malalamiko yako kwa sababu umetoa taarifa za uongo."

Mama aliutazama tena ujumbe. Mteja naye alijifanya anakagua kitambaa. "Uongo?" mama aliuliza polepole. "Mimi?"

Masikio ya Wakili yaliwaka moto. Angeweza kumtaja Injinia, ambaye ghafla alianza kupiga pasi suruali iliyokwisha kunyooka. Hakumtaja. Alisubiri mteja aondoke, akaeleza kila kitu, hata ile namba aliyoificha.

"Umedanganya kwa namba yangu ya simu," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilimuumiza Wakili kuliko kugombezwa. "Namba hii ndiyo wanayonijulia watu wote wanaoniamini na kuniachia vitambaa vyao."

Wakili alilia. Lakini hata katikati ya kilio alisema, "Nisamehe, mama. Ila hela yangu wameichukua kweli!"

"Najua. Ndiyo maana utawapigia sasa hivi. Anza na kosa lako, kisha dai la kwao. Mimi nimekaa hapa."

Walipiga, wakasikilizishwa muziki wa kusubiri mpaka wakauchoka. Hatimaye mhudumu akapokea.

"Jana niliandika kwamba mmenikata mara tatu," Wakili alisema. "Nilidanganya. Nililipa mara moja."

"Asante kwa kusema, lakini malalamiko hayo yamefungwa."

"Yafungueni! Uongo wangu nimeshautoa, kilichobaki ni kweli tupu. Naomba niwasomee namba ya muamala."

Mhudumu alisikiliza, kisha vidole vyake vikasikika vikibonyeza. "Ni kweli, malipo yalifika. Mfumo wetu haukuyaunganisha na mchezo wako. Tunaomba radhi, na tutakuzawadia sarafu za kuchezea."

"Sarafu sitaki, sikuzilipia. Nataka matangazo yaondoke na ngazi zangu zirudi. Halafu lifuteni lile neno 'uongo' kwenye namba ya mama. Yeye hakudanganya."

"Hayo mawili nayafanya sasa. Hilo la tatu hatuna utaratibu wake."

"Utaratibu wa kuandika mnao, wa kufuta hamna?"

Mama aliziba mdomo kwa kiganja ili asicheke. Upande wa pili mhudumu alishindwa kujizuia, akacheka waziwazi. "Haya, mdogo wangu. Subiri kidogo."

Baada ya muda ujumbe uliingia: malalamiko yamehakikiwa, na taarifa ya awali imefutwa. Wakili akafungua mchezo. Ngazi zake zilikuwa zimerudi, na hakuna godoro lililochomoza.

"Sikiliza, mwanangu," mama alisema. "Mteja akinirudishia gauni akasema kola imepinda, ninaitazama kola. Akisema na mikono imepinda, na pindo, na mgongo, nami naona viko sawa, hata kola siitazami tena. Haki yako ilikuwa inatosha. Ulipoitia chumvi, ukaficha mwenyewe namba ambayo ingekutetea."

Wakili aliinamisha kichwa. "Nimeelewa, mama."

"Bado kidogo. Yule mteja wa leo hakuusikia ujumbe huu wa pili. Kesho anakuja kuchukua gauni lake, na utamweleza wewe kwa mdomo wako."

Wakili aliitikia. Kisha akauliza, "Na hawa wa mchezo wakila hela yetu tena?"

"Tutawapigia tena," mama alisema, akivuta kiti kwenye cherehani. "Hatumwachii mtu hela yetu. Ila tutadai kilichopotea, basi."