Orodha ya Walioruhusiwa

Inzi alikuwa ndani ya kioo cha simu, si juu yake. Rahema alimpiga kwa kitambaa mara mbili kabla ya kulitambua hilo. Inzi hakuruka. Alitembea polepole chini ya kioo, akafika pembeni, akasimama na kusugua miguu yake ya mbele. Kisha simu ikatetemeka mara mbili juu ya meza, na inzi akatoweka. Mahali alipokuwa palibaki maneno: *Magoti yako yatapona leo.*

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, katika bucha ya Yusuf mtaani Majimbo, mjini Embu. Rahema, mama yake Yusuf, alikuwa mjane wa miaka sitini na tisa. Kila siku alikaa kwenye kiti nyuma ya mizani, akiwajua wateja kwa majina yao na majina ya wazazi wao. Simu alinunuliwa na mwanawe ili asikilize visomo. Ijumaa iliyotangulia alikuwa ameitumia kutafuta dawa ya magoti. Ukurasa ulipofunguka, kabla hajasoma neno, kilitokea kisanduku kidogo. Tovuti hiyo ilikuwa inaomba kumtumia arifa. Chini yake kulikuwa na maneno mawili: Zuia, na Ruhusu.

Mtu mwingine angebonyeza lolote ili apite. Rahema alisoma yote, akaona kwamba anaombwa. Katika ukoo wao, anayeomba mlangoni hakatazwi. Babu yake aliingia Embu kwa miguu, mgonjwa wa homa, akifuata msafara wa wafanyabiashara, na nyumba moja ya Waembu ikamlaza siku arobaini bila kumuuliza jina. Tangu hapo watoto wa ukoo huo walifundishwa kwamba hodi hujibiwa kwanza, uso huonekana baadaye. Rahema alibonyeza Ruhusu. Tena, kwa mazoea, alisema kwa sauti, "Karibu."

Mwanzoni arifa zilikuwa za upuuzi. Magoti. Zawadi asiyoijua. Onyo kwamba simu ina wadudu watano. Siku ya Jumanne ikaja nyingine: *Zuleka amekula chapati mbili.*

Zuleka alikuwa mke wa Yusuf, mwenye mimba ya miezi saba. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia kabla ya hiyo, na kila mtu nyumbani alitembea karibu naye kama anayebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni.

"Ni kweli nimekula mbili," Zuleka alisema alipoonyeshwa.

"Mama, hata simu yako imekuwa mama mkwe," Yusuf akasema, nao wote watatu wakacheka.

Jumatano saa sita mchana simu ikatetemeka tena. *Zuleka hatakula leo.*

Rahema hakuwaambia. Alipakua wali na mchuzi wa nyama iliyochinjwa alfajiri ile, akaweka sahani tatu kutoka chungu kimoja. Zuleka aliinua kipande cha kwanza. Chini yake ulifuata uzi wa ute, mzito, wa rangi ya kamasi, ukavutika kutoka kwenye sahani hadi kwenye vidole vyake bila kukatika. Harufu ilifika baada yake, harufu ya shahamu iliyosahauliwa ndani ya gunia lenye maji. Yusuf alionja nyama ya sahani yake. Ilikuwa nzuri. Akaonja ya mkewe, akakimbilia nje.

Jioni walimpa maziwa. Kikombe kilipofika mdomoni, Zuleka alihisi kitu kwenye ulimi, akakivuta, na ukatoka unywele, kisha mwingine, kisha kishungi kizima cha nywele nyeusi zilizolowa, fupi na laini, kama za kichwa cha mtoto mchanga. Asubuhi walimchemshia yai. Alipolimenya, ndani hakukuwa na kiini. Kulikuwa na kinofu cha kijivu, chenye unyevu, kilichokuwa kikipanda na kushuka.

Hadi Jumamosi alikuwa anakunywa maji tu, tena kwa macho yaliyofumbwa. Muuguzi wa kliniki alimpima uzito mara mbili akidhani mizani imekosea.

"Mtoto haongezeki, dada," alimwambia. "Jumatatu usiporudi ukiwa unakula, tunakulaza. Na kwa hali hii siwezi kukuahidi kwamba mimba itafika miezi tisa."

Yusuf aliizima simu ya mama yake, akaifungia kwenye droo, akaweka ufunguo mfukoni. Mchana wa siku hiyohiyo, jua likiwa limewaka barabarani na wateja wawili wakingoja, paja la ng'ombe lililoning'inia kwenye ndoano likatetemeka mara mbili, kwa muda mfupi, jinsi simu inavyotetemeka juu ya meza.

"Umeona?" Rahema akanong'ona.

"Nimeona. Nyamaza kwanza, Mama."

Yusuf aliwaambia wateja warudi baadaye, akafunga mlango wa wavu, akachukua kisu. Nyama kwa nje ilikuwa nyekundu na kavu, nyama ambayo yeye mwenyewe aliipokea machinjioni kabla ya jua, na kisu kilipoingia haikutoka damu bali maji meupe mazito yaliyomiminika hadi kwenye viatu vyake, na ndani, kuuzunguka mfupa, funza walikuwa wamejipanga mmoja kando ya mwenzake kama punje za mahindi kwenye gunzi, wametulia kabisa, mpaka ghafla wakatikisika wote kwa pamoja mara mbili, wakatulia tena, wakingoja.

Ndani ya droo iliyofungwa, simu iliyozimwa ikalia.

Munene alikuwa fundi wa simu mwenye kibanda karibu na soko, kijana wa Kiembu aliyetafuna majani ya muguka kutwa nzima. Aliipokea simu kutoka kwa Rahema na Yusuf, akaigeuza, akainusa, akakunja uso.

"Cucu, bibi yangu, hii ilianguka kwa matumbo?"

"Ifungue uangalie, mwanangu. Usiulize mengi."

Alipapasa kioo kidogo. "Simu iko sawa. Ni brauza. Kuna mahali uliulizwa kitu, ukakubali. Watu wote hufanya hivyo. Mimi nikiulizwa huweka Zuia, hata kama ni watu wazuri." Akamwonyesha: Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. "Hapa ndiyo orodha ya wale uliruhusu. Unazima mmoja mmoja. Inaisha."

Orodha ilifunguka. Ya kwanza ilikuwa tovuti ya magoti. Munene aliizima kwa kidole, ikazimika. Chini yake kulikuwa na mistari minne ambayo haikuwa na anwani.

Rahema. Yusuf. Zuleka. Suhail.

Kila jina lilikuwa na swichi yake, na kila swichi ilikuwa imewashwa.

"Hawa si tovuti," Munene akasema polepole. "Hawa ni watu wenu?"

"Watatu ni sisi," Rahema akajibu. "Suhail hatuna."

Yusuf alikuwa ameshika mbao za kibanda. "Tunaye," akasema. "Ni mtoto."

Kwao jina la mtoto halitamkwi mbele ya watu kabla ya siku ya saba tangu azaliwe. Yusuf alikuwa amelitamka mara moja tu, sikioni mwa mkewe, mlango ukiwa umefungwa. Hata mama yake hakuwa amelisikia.

Munene alijaribu kuizima swichi ya mwisho. Kidole chake kilizama. Kioo kilikuwa kimelainika kama shahamu iliyoachwa juani, na alipokichomoa kidole kilitoka na sauti ya kufyonza, kikiwa kinang'aa kwa mafuta ya manjano, na harufu iliyotoka si ya simu wala ya bucha bali ile ya chumba ambamo mtu amejifungua na hakuna aliyeondoa kondo la nyuma. Munene alitema muguka wote chini. Akasugua kidole kwenye suruali, kisha kwenye ukuta, kisha kwenye udongo.

"Chukueni," akasema. "Hii mimi sifuti. Sitaki hata pesa."

Mahmood, mwalimu mzee wa madrasa ya pale Majimbo, alifika baada ya swala ya alasiri akiwa na Msahafu na birika la maji. Alisimama kizingitini, akaziba pua kwa ncha ya kanzu.

"Aliingia kwa nguvu?" akauliza.

"Hapana," Rahema akasema.

"Basi aliitwa. Nani alimwita?"

"Mimi, Maalim. Niliulizwa, nikasema karibu."

Mzee akaweka birika chini. "Nitasoma. Lakini kisomo changu ni kama kumfokea mgeni aliyekaribishwa na mwenye nyumba. Atanitazama tu. Anayemtoa ni yule aliyempa ruhusa, kwa kidole chake na kwa ulimi wake."

"Maalim, tangu nizaliwe sijamfukuza mtu mlangoni."

"Huyu si mtu, Bi Rahema. Na mlango aliosimama mbele yake sasa ni tumbo la mkaza mwana wako."

Walifunga bucha. Zuleka alilala kwenye mkeka chumba cha nyuma, midomo imepasuka, mikono juu ya tumbo. Simu waliiweka juu ya gogo la kukatia nyama. Mahmood alianza kusoma, na alipofika aya ya tatu sauti ikatoka kwenye kioo, sauti ya mwanamume, hafifu, ya Kiswahili cha zamani chenye lafudhi ya mbali.

"Hodi, mwanangu. Nina homa. Nimetembea sana."

Rahema aliijua habari hiyo ya babu yake kuliko alivyolijua jina lake. Aliisimulia kila akika, kila matanga. Hakuwa ameisikia ikisimuliwa na mwingine.

"Waembu walinilaza siku arobaini," sauti ikaendelea. "Wewe utanitoa nje siku ya tisa? Nina baridi. Nipe hapa padogo tu. Hapa penye joto."

Katika chumba cha nyuma Zuleka alitoa mguno mfupi, kama aliyeguswa kwa ndani.

"Mama," Yusuf akasema kwa sauti ya chini. "Mama, tafadhali."

Rahema aliweka kidole kwenye jina lake mwenyewe. Kioo kilikuwa cha moto na laini, na kidole kikaingia hadi kwenye kiungo cha kwanza. "Rahema nimemtoa kwako," akasema, na swichi ikazimika. Akaenda kwa Yusuf. Kidole kikaingia hadi kiungo cha pili, na alihisi kwenye ncha yake vitu vidogo vikitembea. Akaenda kwa Zuleka, na mkono ukazama hadi kiganjani, ndani ya kitu kilichokuwa na mikunjo na ute. Kisha akagusa jina la mwisho, na humo, chini kabisa, kinywa kisicho na meno kikakishika kidole chake na kuanza kunyonya, taratibu, kwa haki zote, kama mtoto aliyewekwa titini, na kwa kitambo kidogo, ambacho baadaye hakumwambia mtu, Rahema alisikia huruma.

"Nimekukataza," akasema. "Sikujui. Sikukaribishi. Suhail si wako. Toka."

Kinywa kiliachia. Kioo kikawa kigumu na kikapasuka, na kwenye ufa yakatoka maji ya kijani yaliyonuka mpaka Mahmood akakatisha kisomo na kukohoa. Nyama zote zilizoning'inia zikabadilika rangi kwa pamoja, zikawa za kijivu, zikachomoka kwenye ndoano moja baada ya nyingine na kuanguka sakafuni kwa kishindo cha vitu vilivyolowa. Halafu kukawa kimya, na kutoka chumba cha nyuma Zuleka akauliza kama kuna uji.

Alikunywa vikombe vitatu vya uji wa wimbi. Rahema alisimama mbele yake akivikagua kila kimoja kabla na baada.

"Jina lile liacheni," Mahmood alisema akivaa viatu. "Limeshikwashikwa mno. Mtafutieni mtoto lingine, na hilo msilitamke tena ndani ya nyumba hii."

Mtoto alizaliwa mwezi wa Aprili, wa kiume, kilo tatu na robo. Siku ya saba walimpa jina la mwalimu, Mahmood. Simu waliizika mbali, shambani kwa rafiki upande wa Runyenjes, na bucha ikapigwa chokaa upya. Zuleka alinenepa. Wateja walirudi.

Mtoto alipofikisha miezi sita, muuguzi yuleyule alimwita kwa jina lake, akamwita tena, akaandika jambo kwenye kadi. Akapiga makofi nyuma ya kichwa chake, naye akashtuka vizuri. "Masikio anayo," muuguzi akasema. "Ni kama hajui kwamba anaitwa. Muiteni sana nyumbani, atazoea."

Walimwita. Yusuf alimwita akiingia na akitoka. Zuleka alimwita akimnyonyesha. Mtoto alitazama dari, au mikono yake.

Asubuhi moja Rahema alikuwa akimwogesha kwenye karai uani, na Zuleka alikuwa ng'ambo ya ua, nyuma ya mashuka, akianika nguo. "Mahmood," Rahema akasema. "Mahmood. Mahmood." Mtoto alitazama maji. Rahema hakuwa mtu wa kuliacha jambo nusu. Alitaka kuwa na hakika, hakika moja tu, kwamba kilichoondoka kiliondoka chote. Akainama hadi mvuke wa maji ukamgusa kidevu, akalitamka jina lile jingine, chini ya pumzi.

Mtoto akageuka. Akamtazama usoni, akatabasamu kwa ufizi mtupu, na kutoka kinywani mwake, juu ya harufu ya maziwa na sabuni, ikampanda Rahema puani ile harufu ya shahamu iliyolala majini.

"Mama," Zuleka akauliza kutoka nyuma ya mashuka, "umemwita nani?"

Rahema alichovya kitambaa, akampangusa mtoto mdomo, akampangusa tena.

"Mahmood," akajibu.

Mtoto hakuondoa macho kwake. Alikuwa anangoja aitwe tena.