Kibanja Kilichopendwa na Ng'ombe

Mbonimpa alipokwenda kukagua kibanja cha Aristides kule Nyakasimbi, hakuuliza mtu chochote. Alimpeleka ng'ombe. Watu wa kwao walipima ardhi hivyo: mnyama akikataa kula unaaga kwa heshima, akila mnakaa na kuongea bei. Ng'ombe yule hakukataa wala hakula. Alipita majani mabichi yote, akaenda kwenye kibonde katikati ya migomba, akapiga magoti, akaanza kulamba udongo. Alilamba mpaka ulimi ukatoka damu. Ilibidi wanaume wamvute kwa kamba.

"Umeona?" Mbonimpa alimwambia mkewe, Mukashema. "Ardhi ina chumvi. Hii ni ardhi ya mifugo."

"Na majani mbona kayaacha?"

"Mama Kampire, kati yako na ng'ombe nani anajua malisho?"

Aristides akacheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili, akamimina rubisi, pombe ya ndizi. Wanaume wakishakunywa pamoja, swali la mwanamke ni inzi ndani ya kibuyu. Wakanunua.

Ng'ombe akafa kabla ya mvua, wakasema ni ndigana, homa ya kupe. Nyumba wakaikandika kwa udongo wa kile kibonde, kwa kuwa ulikuwa laini na karibu.

Kilichoanza ni harufu. Mchana, jua likiwa utosini na migomba imetulia, ndani kulinuka ngozi mbichi na dawa kali inayowasha pua. Kisha sauti: kitu kinakwaruza ukuta kwa nje, taratibu, kama mtu anayepiga msasa. Mukashema akazunguka nyumba. Hakukuwa na mtu, ila ukuta ulikuwa umelowa mate kuanzia chini hadi kwenye paa, juu kuliko inapofika shingo ya ng'ombe yeyote.

Hakusema. Alikuwa amezika watoto wawili huko walikotoka, na aliyebaki ni Kampire. Hakutaka kuita jambo baya kwa kulitamka.

Lakini Kampire naye alikuwa ameanza kubadilika. Akiwekewa ndizi anageuza uso. Akakonda, viganja vikawa vigumu kama gome. Zahanati wakampa dawa ya minyoo, katekista akamwombea. Siku moja Mukashema alirudi kutoka kisimani akasikia ule ukwaruzo, safari hii ndani, akaingia akamkuta mtoto amepiga magoti gizani nyuma ya kitanda, analamba ukuta, ulimi umechubuka, macho yako wazi na hayamwoni mama yake, na upande wa pili wa ukuta ule ule, kwa nje, kitu kingine kilikuwa kikilamba kumfuata, akishuka kinashuka, akipanda kinapanda, na huko migombani kwato zilikuwa zikipita moja nyuma ya nyingine, wanyama wasioonekana wakikohoa, kisha kishindo cha kitu kizito kutumbukia majini, mahali ambapo hapakuwa na tone la maji.

Nyirabahire, mganga waliyemleta kutoka Igurwa, aliitikia shikamoo yao akiwa amesimama. Kiti alikikataa. Alinusa ukuta, akafuta pua.

"Niitieni aliyewauzia."

Aristides akaja akitazama miguu yake.

"Hapa palikuwa nini?"

"Josho la ng'ombe, bibi, shimo la kuwaogeshea dawa ya kupe. La kijiji. Liliharibika wakati wa vita, tukafukia shimo, tukapanda migomba."

"Na dawa iliyokuwamo?"

"Ilibaki humo."

"Nawe ukanyamaza."

"Hakuna aliyeniuliza. Walimuuliza ng'ombe."

Mbonimpa akainamisha kichwa. Bibi akashusha sauti. "Jini la shimo lilizoea kupelekewa mifugo, likionja kila mgongo unaopita. Mkalifukia na njaa yake, kisha mkalijengea nyumba. Sasa limeshika ulimi wa mtoto, na haliuachii mpaka lipate mwingine."

"Tuhame leo hii," Mbonimpa alinong'ona.

"Mtahama nalo. Limo mdomoni."

"Mbuzi je?"

"Ng'ombe mzima hakulishibisha, utalidanganya kwa mbuzi? Linataka ulimi wa mtu, na autoe kwa hiari yake."

Aristides alikuwa ameshafika barabarani. Mbonimpa akarudi nyuma hatua moja. Mukashema hakumlaumu; hakuwa na muda huo. Mtoto mikononi mwake alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu.

"Mpeleke Bugene kwa dada yangu Therese," alisema polepole. "Ampikie uji mwepesi. Ukitoka, funga mlango kwa nje."

"Mama Kampire..."

"Nenda, Baba Kampire. Usinifanye nifikiri."

Komeo likagonga. Mukashema akapapasa nyuma ya kitanda mpaka akapata mahali palipochimbika kwa ulimi wa mwanawe, akapiga magoti, akaweka wake. Chumvi kwanza. Chini ya chumvi, uchungu wa dawa. Ukuta ukapata joto, na kwa nje kitu kikaja kikihema, kikatafuta, kikapata mahali alipo.

Kutoka njiani akasikia sauti ndogo.

"Baba, nina njaa. Tumwombe mama ndizi."

Mbonimpa akazidisha mwendo. Kampire mwenyewe akamwita mama yake, mara ya kwanza, mara ya pili, sauti imepata nguvu kama ya mtoto yeyote mwenye afya. Mukashema alitaka kuitika, lakini ulimi wake ulikuwa na kazi.