Pamba Iliyochumwa Kama Chai

Nyanchera aliijua chai kabla ya kujua kusoma. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na kila Jumatatu na Alhamisi aliamka saa kumi na moja alfajiri, akanywa uji wa wimbi, akajifunga nailoni ya kuzuia umande kiunoni na kumsaidia mamake kuchuma mistari miwili kabla ya kwenda shule. Mamake, Nyanchoka, hakuwa mtu wa maneno mengi. Mikono yake miwili ilikwenda juu ya michai kama ya karani anayepiga chapa, na binti yake akichanganya jani lililokomaa na machipukizi, alilichomoa na kulitupa bila kugeuza shingo. Saa moja kasorobo Nyanchera aliosha matope miguuni, akavaa sare na kuteremka mbio kuelekea shuleni, nyuma ya soko la Ikonge.

Muhula huo darasa lao, Gredi ya Nane, lilikuwa likisoma hadithi fupi kutoka Marekani. Mwalimu Mogaka, aliyewafundisha, hakutaka hadithi zisomwe juu juu. Alisema hadithi huota mahali fulani na wakati fulani, na asiyeujua udongo ilimoota hataielewa hata akiikariri yote. Basi akawagawa katika makundi manne. Kila kundi lilipewa hadithi moja, na kazi yao ilikuwa kueleza mbele ya darasa historia ya wakati ule: watu waliishi vipi, nani alikuwa na nguvu, nani alionewa.

Kundi moja lilipata ukame uliowafukuza wakulima mashambani mwao, jingine likapata viwanda vya mijini. Kundi la Nyanchera lilipata hadithi ya mama mmoja mtumwa katika shamba la pamba. Wenzake walikuwa watatu. Gibson, mwenye sauti nzito kuliko umri wake, alichukua ramani na meli zilizowavusha watu kutoka Afrika. Linet, ambaye hakuwahi kuonekana bila kitabu, alichukua biashara ya kununua na kuuza watu. Duncan, fundi wa kuchora, alichukua vita vilivyomaliza utumwa. Kazi ya shambani, siku hadi siku, ikamwangukia Nyanchera. Mwalimu aliwaagiza kila mmoja asome angalau kitabu kimoja na kuandika jina la kitabu hicho chini ya karatasi ya manila ya kundi.

Nyanchera hakuona shida. Likizo fupi ya katikati ya muhula alikuwa akienda Nyanchwa kwa mama mdogo Maureen, na kutoka pale hadi maktaba ya umma mjini Kisii ni kuteremka kilima tu. Linet alimuuliza mara mbili kama kweli angeenda.

"Kwani wewe Linet ni mamangu?" Nyanchera alimjibu. "Nimesema nitaenda."

Alifika Nyanchwa Alhamisi mchana. Kwa mama mdogo kulikuwa na televisheni pana kama mlango, na binamu yake Ashley alikuwa ameanza tamthilia yenye vipindi sitini. Siku hiyo walitazama mpaka macho yakawasha. Ijumaa asubuhi walikubaliana kutazama kimoja tu, kisha waende maktaba. Kipindi kikazaa kipindi. Saa tisa mama mdogo alirudi kutoka ofisini mapema, akazima televisheni na kuwapa kazi: wafue, wapige deki, wapike chakula cha kesho, maana jua likitua Sabato imeingia. Jumamosi walishinda kanisani. Jumapili maktaba ilikuwa imefungwa, na Nyanchera akarudi nyumbani mkoba ukiwa mwepesi kama alivyokwenda nao.

Jioni hiyo aliketi mezani na daftari tupu. Simu ya mamake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vitufe, isiyojua intaneti hata kwa kusikia. Alifikiria kumwambia Linet ukweli, akauona uso wa Linet, akaghairi. Halafu akajiambia kwamba kuchuma ni kuchuma. Aliye na mikono ya kuchuma chai angeshindwaje kueleza pamba?

Kalamu ikakimbia. Aliandika kwamba watumwa waliamka alfajiri na kubeba vikapu mgongoni. Walichuma pamba kila baada ya wiki mbili, mwaka mzima. Mvua ikinyesha walijifunga kitu cha kuzuia maji na kuendelea. Pamba ilipaswa kufika kiwandani siku iyo hiyo isije ikanyauka, na msimamizi aliikataa iliyochelewa. Miti ilikatwa ikawa sawa na kiuno ili mchumaji asiiname. Alipomaliza, hata yeye aliyaamini.

Jumatano kundi lao lilisimama mbele ya darasa. Gibson alinguruma, Linet akaeleza kwa makini, Duncan akaonyesha michoro, lakini ni Nyanchera aliyeteka darasa. Alionyesha kwa vidole jinsi ya kuchuma, akageuza bega kutupa pamba kikapuni, na wanafunzi wakamwona mtumwa mbele yao. Mwalimu Mogaka, ambaye naye alizaliwa na kukulia katika chai, alipiga makofi kwa kuridhika, na darasa likafuata. Akatangaza kwamba kundi hilo ndilo lingesimama mbele ya wazazi katika mkutano wa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Kisha akakumbuka kwamba chini ya manila palikosekana jina la kitabu kimoja. Nyanchera alichukua kalamu akaandika, kwa mwandiko mzuri, jina alilolibuni papo hapo: Mashamba ya Zamani.

Walipotoka nje Linet alimshika mkono. Alimwambia alikuwa amemshuku bure, amsamehe. Nyanchera alicheka, akaharakisha kwenda kupanga foleni ya chakula.

Jumapili alikuwa akifanya mazoezi sebuleni kwao, akisema kwa sauti, wakati Mama Akoth alipoingia. Mama Akoth aliuza omena na samaki wa kukaushwa sokoni Ikonge. Alitoka kule chini, upande wa ziwa, na kila alipopanda huku alipitia kwa Nyanchoka kunywa chai. Aliketi, akapuliza kikombe chake, akasikiliza. Taratibu akaanza kutabasamu, kisha akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, hiyo si pamba," alisema. "Hiyo umechuma chai."

Nyanchera alisimama kama aliyemwagiwa maji. Mama Akoth akamweleza, bila kumdhihaki, kwamba baba yake alilima pamba walipokuwa wadogo. Pamba huiva kwa msimu, alisema, si kila baada ya wiki mbili. Mvua ni adui yake, maana pamba iliyolowa huoza na kubadilika rangi. Na haina haraka ya chai. Ikishakauka vizuri inaweza kukaa ghalani. Mchumaji hubeba gunia, akainama kutwa nzima. Kisha akanyoosha vidole vyake.

"Ganda lake likikauka lina ncha kama sindano. Unaingiza vidole, pamba inatoka, na damu inatoka. Mimi nililia siku ya kwanza, baba akaniambia nipumzike. Sisi ilikuwa pamba yetu. Hao unaowasema wewe, nani aliwaambia wapumzike?"

Nyanchoka alikuwa mlangoni na sufuria mkononi. Aliuliza ni kitabu gani kilichoandika hayo ya binti yake. Nyanchera akatazama sakafu.

"Nimekuuliza kitabu gani."

"Hakuna kitabu, mama."

Alieleza yote, kuanzia televisheni hadi jina la kubuni. Alingoja kofi au kelele. Hakukuwa na kofi wala kelele. Mamake aliweka sufuria mezani, akamwongezea mgeni chai, ndipo akasema, "Siendi shuleni kukusemea. Uongo umeupika mwenyewe, utaupakua mwenyewe."

Usiku ule Nyanchera alilala vibaya, lakini kulipopambazuka alikuwa amepata njia. Angesahihisha sentensi zake. Angefuta vikapu na kuandika magunia, afute mvua na kuandika damu. Nani angejua? Manila ingebaki na jina la kitabu, kundi lingebaki na nafasi yake, na mambo yangekwisha.

Alifika shuleni akiwa na kifutio mfukoni. Linet alikuwa akimngoja langoni, uso ukimng'aa kwa furaha. Mwalimu Mogaka alitaka vitabu vyote vinne viwekwe mezani siku ya mkutano ili wazazi waone wanafunzi wamesoma nini. Kwa kuwa Nyanchera alikuwa na sehemu ndefu zaidi ya kufanyia mazoezi, Linet alikuwa amejitolea kwenda Kisii yeye mwenyewe Jumatano kukiazima kile cha Nyanchera. Babake Linet alikuwa ameshakubali kuacha kazi ampeleke.

"Niambie tu kiko rafu gani," Linet alisema.

Nyanchera alimtazama. Alimwona akipita kati ya rafu, akiulizia kitabu kisichokuwepo duniani, babake akingoja mlangoni.

"Usiende," alisema. "Hakuna kitabu hicho. Sikufika maktaba. Niliyabuni yote, na ni ya uongo. Hata pamba haichumwi vile."

Duncan na Gibson walipofika, Linet ndiye aliyewaambia. Duncan aliuliza kama walikuwa wametumiwa kama wajinga. Gibson alisema mamake alikuwa ameshawaambia majirani wote waje kumsikia. Hakuna aliyemtukana, na hilo liliuma zaidi ya matusi.

"Mimi nilikuuliza mara mbili," Linet alisema mwishoni. "Ungeniambia Jumatatu ile tuliporudi shuleni, tungekaa tukatafuta pamoja."

Nyanchera aliwaomba radhi, kisha akaenda peke yake kwenye chumba cha walimu.

Mwalimu Mogaka alimsikiliza mpaka mwisho huku akizungusha chaki mezani. Alimwambia kwamba alama za sehemu yake zimefutwa, na kwamba za wenzake hazitaguswa kwa sababu walifanya kazi yao. Nafasi ya Ijumaa ingeamuliwa Alhamisi: Nyanchera angesimama tena mbele ya darasa na kazi mpya iliyotoka katika kitabu halisi. Ikiwa haifai, kundi la ukame lingechukua nafasi. Nyanchera alishukuru na kugeuka kuondoka, lakini mwalimu hakuwa amemaliza.

"Mimi pia nina kosa," alisema. "Nilikupigia makofi kabla ya kukuuliza kitabu. Lakini jambo moja ulijue. Watu hao walikufa zamani, hawawezi kunyoosha mkono darasani kusema umewasingizia. Kwa hiyo anayewasimulia lazima awe mwangalifu mara mbili. Uliifuta damu ya vidole vyao, Nyanchera, kwa kutotaka kutembea kuteremka kilima."

Jumanne mamake alimwombea ruhusa kwa simu, na Nyanchera akaenda Kisii na Linet, babake Linet, aliyekubali kwenda siku moja mapema, akiwapeleka kwa pikipiki yake. Linet hakuzungumza naye njiani. Lakini ndani ya maktaba, Nyanchera alipokuwa ameduwaa mbele ya rafu ndefu, Linet alimvuta mkono na kumwonyesha mahali pa vitabu vya historia. Walisoma mpaka jioni. Nyanchera alinakili kurasa saba, vidole vikamuuma. Alisoma kwamba mavuno yalipimwa kila jioni, na ambaye gunia lake lilipungua aliweza kuchapwa. Alisoma kwamba katika sehemu nyingi sheria ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma. Pale aliinua macho akatazama ukumbi uliojaa vitabu, ambao siku chache zilizopita aliuona ni mbali mno na televisheni.

Alhamisi darasa lilimsikiliza bila kucheka. Halikupiga makofi mengi kama mara ya kwanza. Mwalimu alikisoma kitabu alichoazima Nyanchera, akalinganisha na maneno yake, akasema Ijumaa ni yao.

Siku ya mkutano wazazi walijaa kwenye viti vya plastiki uwanjani. Zamu ya Nyanchera ilipofika, alianza kwa kusema kwamba mara ya kwanza alipoeleza sehemu hii alidanganya, na wenzake hawakujua. Minong'ono ikapita. Kisha akaeleza gunia, ncha za ganda, mizani ya jioni. Alisema pia kwamba jinsi ganda linavyochoma alifundishwa na Mama Akoth, aliyechuma pamba ya babake kwa hiari, na kwamba tofauti kati yake na yule mama mtumwa ndiyo hadithi yenyewe. Mama Akoth, aliyekuwa nyuma na beseni lake tupu, aliitikia kwa kichwa.

Mwalimu akakaribisha maswali. Mkono ulionyooshwa kwanza ulikuwa wa Nyanchoka.

"Mtumwa akiugua," aliuliza, kavu kama kawaida yake, "nani alimtibu?"

Jibu tamu lilimjia Nyanchera ulimini, la mitishamba na bibi vizee, na hakuna mzazi hata mmoja ambaye angelipinga. Alilimeza.

"Sijui, mama," alisema. "Kitabu nilichosoma hakikusema. Nitatafuta."

Nyanchoka aliketi. Baada ya mkutano hakumkumbatia binti yake mbele za watu. Si tabia yake. Alimngoja kando ya lango, na walipoanza kupanda kuelekea nyumbani akamwambia alichotaka kumwambia tangu Jumapili.

"Leo umesema neno ambalo watu wazima wengi linawashinda. Kutojua si aibu, Nyanchera. Aibu ni kuziba shimo la kutojua kwa uongo, halafu ukawaalika wenzako wapite juu yake. Usipojua, sema hujui, kisha inuka ukatafute. Mwongo ana kazi kubwa kuliko mtu anayesoma, na mwisho wa siku hana kitu."

Nyuma yao mtu aliita. Alikuwa Linet, akikimbia na kitabu chake cha biashara ya watu kwapani, akitaka kujua kama Nyanchera angependa wasome pamoja ukurasa unaohusu magonjwa.