Nyundo Iliyosikika Mtaa Mzima

Houda hakuwa na mama. Mama yake alizikwa Uvira kabla yeye hajaolewa. Hakuwa na kaka wa kumtetea wala dada wa kumkimbilia. Hakuwa na simu, kwa sababu mumewe aliikanyaga ikawa vipande. Hakuwa na jino moja la mbele, na aliyemtoa jino ni huyohuyo. Hakuwa na jirani wa kumuuliza, "Umeamkaje?" kisha akasubiri jibu. Alichokuwa nacho ni mtoto wa kike, Laila, cherehani moja, na mikono miwili iliyojua kushona.

Ungepita mbele ya ua wao Jumamosi ile asubuhi, ndugu msomaji, usingeona kasoro yoyote. Nyumba za mtaa wetu wa Buyenzi zimebanana, mtu akikohoa huku anapewa pole kule. Ua wa Houda ulikuwa umefagiwa, chai ya tangawizi inachemka, na Shakuru mumewe ameketi kwenye kigoda, Laila mapajani, anamkatia chapati na kumlisha.

"Fungua kinywa, mama yangu. Hiki cha baba. Hiki cha simba."

Houda akacheka, akaziba pengo la jino kwa kiganja. Mwanamume mpigaji hapigi kila saa. Angepiga kila saa, mkewe angekimbia mapema. Ni asubuhi za chapati kama ile ndizo zinazomfunga mwanamke miguu.

Shakuru alikuwa fundi wa baiskeli. Mjomba wake aliyemfundisha kazi alikuwa mtu wa polepole, na alipofariki alimwachia bolti ndefu yenye nati na pete za chuma za kila ukubwa. Beringi iliyokwama ukiivuta kwa bolti ile hutoka taratibu, na chuma kinachoishika hakiumii. Lakini bolti haina sauti, na katika mtaa ule fundi husikika kabla hajaonekana. Wateja walifuata mlio wa nyundo. Fundi aliye kimya alidhaniwa hana kazi. Majirani walijisifu: "Sikia Shakuru wetu anavyopiga!" Sifa hiyo ilimlevya kuliko pombe. Bolti ya mjomba ikaota kutu chini ya sanduku.

Kabla chai haijaisha akaingia kijana mmoja, Hugues, karani wa benki huko Rohero, mtaa wa wenye nazo, anasukuma baiskeli ya milimani, ile ambayo mkono wake wa nyuma, unaoshika gurudumu, umeungwa na fremu kwa viungo vinavyocheza juu ya beringi ndogondogo.

"Bonjour, patron. Kitu yangu inalia kama nyumba ya wake wawili."

Shakuru akashika gurudumu la nyuma, akalisukuma kushoto na kulia. Kiungo kikajibu: koto, koto.

"Beringi zimekufa. Ulikuwa unaoga nayo mu muto Rusizi?"

"Kidogo tu." Wakacheka wote. "Kesho tunashuka mlima toka Bugarama na benzangu. Beringi mpya hizi hapa, nimeagiza. Utaweza leo?"

"Saa kumi uje. Uliza mutu yeyote hapa kama Shakuru anachelewaka."

"Na jiliwa ya kuibana fremu isicheze uko nayo?"

"Jiliwa yangu ni Mama Laila," Shakuru akasema, na Hugues akacheka tena, akaenda zake.

Haukuwa mzaha. Houda ndiye aliyekuwa akiikumbatia fremu huku mumewe anapiga. Alipiga magoti, akaishika kwa mikono yote miwili. Laila, aliposikia pigo la kwanza, alishuka kigodani bila kuambiwa, akaingia chini ya kitanda na kuziba masikio. Mtoto yule alikuwa amejifunza jambo ambalo mtoto hapaswi kulijua: kwamba nyundo ikianza, haijulikani kama itaishia kwenye chuma au kwa mama.

Beringi tatu zilitoka. Ya mwisho ilikuwa imeshikwa na kutu ndani ya sikio la fremu, lile tundu linaloibeba. Shakuru akapiga. Ikagoma. Akavua shati, akapiga. Mtetemo ukapanda mikononi mwa Houda hadi kwenye meno.

"Baba Laila, nilete ile bolti ya mujomba?"

"Shika!"

"Na maji ya moto iko, tuimwagie kwanza..."

"Nimesema shika! We ndo fundi?"

Akapiga kama anayeua nyoka. Ndipo ikasikika sauti nyembamba, kama yai linalogongwa kwenye ukingo wa bakuli. Beringi ikaanguka chini. Katika sikio la fremu palikuwa na ufa, mwembamba kama unywele, umepita kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Shakuru akautazama ule ufa. Kisha akainua macho kumtafuta wa kumbebesha.

"Umetikisa."

"Apana, sikutikisa."

"Umetikisa!"

Nyundo ikashuka juu ya mkono wa kulia wa Houda, pale pale ulipokuwa umeshika fremu. Alisikia mifupa ikiachana kabla hajasikia maumivu. Akapiga ukelele. Shakuru akamkamata nywele, akamburuta hadi ukutani, akamgongesha kichwa, akampiga teke la mbavu alipoanguka, na kila pigo alilifuatisha na neno: "Utajifunza! Lini! Kushika!" Damu ikamtoka Houda puani ikachora mstari kwenye ua aliokuwa ameufagia.

Ng'ambo ya ukuta, Dative, jirani yake, alikuwa anaanika ndagala, vile visamaki vya ziwani. Aliinua sauti, bila kuinuka:

"Mama Laila, vumilia weee! Niko zubakwa!"

Ndivyo nyumba zinavyojengwa, maana yake. Mmeyasikia maneno hayo, na huenda mmeyasema. Na Mzee Nasser, mwenye duka la mkabala, mtu wa swala tano, aliongeza sauti ya redio.

Shakuru alipochoka, alirudi kazini. Alizisukumia beringi mpya ndani kwa nyundo ileile, akizipiga katikati, mahali ambapo mjomba alimkataza kupiga, maana pete ya ndani ikigongwa, gololi huumia na beringi mpya hufa siku ileile. Ufa akaujaza gundi. Juu yake akapaka rangi nyeusi, akaipuliza ikauka. Kisha akamrushia mkewe kitambaa.

"Funga mukono. Umeanguka kwenye ngazi. Umesikia?"

"Nimesikia."

Hata ngazi hawakuwa nayo.

Saa kumi Hugues akaja. Akaibonyeza baiskeli kwa kifua, ikashuka na kupanda bila mlio wowote.

"Aisee, patron! Imenyamaza kabisa!"

"Nilikuambia."

Kijana akamwona Houda mlangoni, mkono umefungwa, kitambaa kimelowa. "Mama, mukono umefanya nini?"

"Nilianguka."

"Pole sana." Akaamini. Watu huamini haraka jibu lisilowapa kazi. Akashika usukani. "Kesho kwenye ile mteremko ya juu nitawapita wote. Mama yangu anasema nitakufa, mi namuambia baiskeli imepita kwa Shakuru."

Houda akaitazama shingo ya kijana yule, nyembamba, kola ya shati imegeuka upande mmoja kama ya mtoto wa shule. Nyuma yake alihisi pumzi ya mumewe. Alijua kitakachompata akifungua kinywa. Mwili wake wote ulikuwa unamkumbusha. Mkono ni wangu, akawaza, naweza kuudanganyia. Lakini shingo ile ina mama yake.

"Usiipande," akasema.

"Unasemaje?"

"Usiipande, mwanangu. Imepasuka." Akapiga hatua mbili, akakwangua kwa ukucha wa mkono wa kushoto. Rangi ikabanduka kama ganda, gundi ikafuata, na ufa ukaonekana.

Hugues akainama kutazama, na kuinama huko ndiko kulikomwokoa, kwa sababu nyundo iliyokusudiwa kichwa cha Houda ilipita juu ya mgongo wake na kumpata Houda begani. Kijana akaruka katikati yao, mikono mbele. Pigo la pili likamvunja mkono wa kushoto. La tatu likampasua shavu. Shakuru hakuwa anaona tena. Alimpiga mteja, akaipiga baiskeli, akapiga kigoda, na aliporudi kwa Houda alikuwa anatoa povu.

Ndipo Dative akachungulia, akaona damu kwenye shati jeupe la kijana wa Rohero, akapiga yowe:

"Anamuua mutoto wa watu! Mukuje! Mutoto wa watu!"

Wakaja wote. Wapaka rangi magari, mafundi wa mageti, Mzee Nasser na ubao wa kufungia duka. Wakamwangusha Shakuru, na kwa kuwa ghadhabu huambukiza, wakampiga mpaka akaacha kulia. Polisi walimpata yu hai kwa shida, wakamtia kizuizini.

Nawaulizeni, majirani. Miaka yote ile, Houda alikuwa mtoto wa nani?

Mkono wa Hugues uliunga. Wa Houda uliunga vibaya: vidole viwili havitakunjika tena, na mkasi haushikiki. Alipotoka hospitali, wazee walimfuata nyumbani. Mzee Nasser ndiye aliyesema.

"Binti yangu, yule kijana mambo yake yatamalizwa na familia yake. Ya kwako ni ya ndani. Useme ulianguka, mume wako arudi. Mutoto anahitaji baba. Uliona siye tulivyomuadhibu."

"Mulimuadhibu kwa ajili ya Hugues," Houda akasema.

Mzee akatazama kofia yake.

"Mi ningekufa, mungekuja kwenye matanga. Mungeleta mchele."

Waliondoka mmoja mmoja, wakitafuta viatu vyao mlangoni.

FUNZO

Enyi mnaosoma, anayesifu nguvu asishangae zikimfikia. Shakuru hakuwa mjinga wa kazi. Njia ya upole alifundishwa, na chombo alirithi. Sisi ndio tuliompigia makofi kwa sababu ya kelele, tukaziita ufundi, mpaka akaona kila kinachokataa, kiwe chuma kiwe mtu, dawa yake ni kugongwa.

Na nyumba haijengwi kwa mifupa ya mwanamke. Anayemwambia aliyepigwa "vumilia" amemshikia mpigaji nyundo. Ukisikia kilio ng'ambo ya ukuta, acha ndagala ziliwe na paka, uende. Usingoje damu ianguke kwenye shati la mgeni. Wala usiende ili nawe upate wa kumpiga. Nenda ukamtoe anayepigwa, mengine yaachie sheria.

Nawe uliyepigwa, usipake rangi juu ya ufa. Ufa uliofichwa haujapona, unangoja mteremko.

Houda alilijua hilo bila kufundishwa na mtu. Kesho yake, wazee walipokwisha kwenda, aliketi mbele ya cherehani asiyoweza kuitumia tena, akaanza kumwandikia mwendesha mashtaka kwa mkono wa kushoto. Herufi zilikuwa zinalala na karatasi inateleza. Dative alikuja kuleta sahani ya ndagala, akasimama, akaona. Aliweka sahani chini, akaishika karatasi kwa viganja viwili isitikisike mpaka mstari wa mwisho.

"Sikuanguka," ndivyo barua ilivyoanza. Mwishoni aliandika jina lake lote, na la baba yake.

Akaikunja, akaitia ndani ya bahasha, akalamba gundi na kuibana kwa ngumi.

"Nipe, niipeleke," Dative akasema. "Mi miguu yangu iko mizima."

Houda akampa. Dative akaisukumia barua ndani ya kifua cha nguo yake, akajifunga kitenge upya, akatoka kwa haraka kuelekea mjini.